Mnyama wa Baba Yake Arnold

Mimi ndiye niliyemshauri Arnold abebe ile karatasi, kwa hiyo wa kulaumiwa kwanza ni mimi.

Arnold ni fundi umeme, jirani yangu hapa Nkoma, Mbale, Uganda. Mama yake alikuwa Mgisu, kabila la hapa Mbale. Baba alikuwa dereva wa lori, akapotea kabla mtoto hajaota meno. Kitu pekee alichoacha ni mchoro wa mnyama, wa penseli, bila hata neno moja, maana hakujua kuandika. Mama alipokuwa mahututi alimwambia mwanawe kwamba huyo ndiye mnyama wa baba yake. Hakuwahi kuambiwa zaidi ya hapo.

Miaka mingi tulibishana juu ya mchoro ule. Arnold alisema ni swala. Mimi Eucabeth, mtu wa Bungoma, Kenya, niliyechunga mbuzi tangu utotoni, nilisema ni mbuzi, na nikishaamua jambo sibanduki. Arnold alicheka, lakini najua lilimuuma. Wenzake walikuwa na ukoo wa kutaja msibani na harusini. Yeye alikuwa na karatasi.

Kisha akampenda Nangobi, muuguzi wa Mpumudde, kule Jinja. Kwao walimdhania Mgisu tu, wala hakuna aliyechimba zaidi. Mwezi uliopita tukaenda kwa shangazi yake Nangobi, kwa sababu kwa Wasoga shangazi ndiye humpokea mchumba kwanza. Nilikwenda mahali pa mama. Nikamwambia Arnold abebe mchoro, ili akiulizwa habari za baba asionekane mtoto wa kuokotwa.

Akaulizwa kweli. Akautoa huku anatabasamu, nami nikadakia kwamba ni mbuzi.

Shangazi alivaa miwani, akasogea dirishani. Alipitisha kidole kwenye pembe fupi zilizojisokota, kisha kwenye mistari ya mgongoni na madoa ya pajani. Madoa hayo mimi siku zote niliyaona uchafu wa penseli.

"Mama, hii si mbuzi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Hii engabi, mbawala. Sisi hapana kula yeye. Yeye ndiyo ukoo yetu."

Nusura nipige vigelegele kwamba Arnold amepata ukoo, mjinga mimi. Halafu nikaona uso wa Nangobi, aliyekuwa akituletea sinia la chakula. Nimeishi Uganda vya kutosha kujua kwamba kila ukoo una mnyama wake, na kwamba watu wa ukoo mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Yule baba alichora ili mwanawe asije akamwoa dada yake.

Arnold alinishika mkono, akaniomba kwa sauti ndogo niwaambie tena kwamba ni mbuzi. Niliitazama karatasi. Pembe zilikuwa pale, madoa yalikuwa pale. Nikamtikisia kichwa.

Nangobi aliweka chini sinia, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Shangazi hakumfuata. Alivua miwani, akamwendea Arnold pale kwenye kiti cha wageni, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mtoto yetu," akasema. "Karibu nyumbani."

Maneno hayo Arnold aliyatafuta miaka thelathini na moja. Alipoyasikia, alilia kama mtu aliyefiwa.