Mafuta ya Mbarika na Pikipiki Mbili za Mbio

Usiku ule sikulala. Mwanangu Sumaili alikuwa ameondoka Kasongo Alhamisi asubuhi kwenda Wamaza kwa pikipiki yake, akimfuata Bwana Pamba, mzungu wa kampuni, naye aliniambia, "Mama, magharibi itanikuta hapa." Magharibi ilipita, isha ikapita. Niliketi kizingitini nikisikiliza barabara. Mimi ni mtu wa hofu, sikatai. Nafikiria daraja la miti, nafikiria chui, nafikiria polisi, na nikimaliza naanza tena na daraja. Lakini masikio yangu ni mazima. Pikipiki ya Sumaili naitambua tangu ng'ambo ya soko, na usiku ule haikusikika.

Sumaili ni fundi katika gereji ya kampuni ya pamba. Alizaliwa wakati watu wetu walipokuwa wakitolewa kwa zamu kuchimba barabara, na baba yake Faradji alikufa mtoto akiwa na meno ya kwanza. Shuleni alifika darasa la pili. Mapadri walitaka abatizwe ndipo aendelee, nikamtoa, kama baba yangu alivyonitoa mimi kwa masista. Hakulia. Kesho yake alikwenda kukaa gereji, na hakuondoka tena. Akitaka kujua ugonjwa wa injini huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, macho amefumba, kama mkunga kwenye tumbo la mja mzito.

Pikipiki yake alipewa na mzungu mzee wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Mzee yule alishindana nayo mbio huko Ulaya ujanani, kabla ya vita. "Imekufa," alimwambia. "Uizike." Sumaili aliisukuma mpaka nyumbani akaifungua juu ya mkeka wangu mzuri. Nilimsogelea nimgombeze kwa ajili ya mkeka, nikanusa kitu.

"Chuma hiki kimekula mafuta yangu," nikamwambia.

Mimi nakamua mafuta ya mbarika. Mbegu zake zina madoa kama kupe walioshiba. Tunazikaanga, tunazitwanga, tunazichemsha, na wanawake wananunua kwa ajili ya nywele na kwa tumbo lililofunga. Sumaili alicheka, lakini alikwenda kumuuliza mzee kabla hajaondoka, naye akakubali: pikipiki za mbio za zamani zilinyweshwa mafuta hayo hayo, kwa kuwa hayalegei kwa joto kali. Sumaili akaiosha injini kwa petroli mara tatu, maana mafuta ya mbarika hayakai na mafuta ya madukani, kisha akatia yangu. Siku ilipowaka, mtaa mzima ulinuka kama chungu changu.

Ndipo Bwana Pamba, mzungu kijana wa kampuni, akaletewa pikipiki yake mpya. Soko likagawanyika. Emilienne, anayeuza samaki wa Nyangwe karibu na meza yangu, alisimama upande wa mpya.

"Mama Sumaili, tukutuku ya mutoto wako iko kama mbuzi aliyenyimwa chumvi. Mbavu tupu!"

"Mbuzi huyo anapanda kilima, Mama Emilienne. Jogoo wenu anapigwa picha tu."

"Jogoo muzuri anaangaliwa! Yako nani anaangalia?"

Ukweli lazima niuseme. Ile mpya ilikuwa nzuri. Nyekundu, tangi lina rangi ya fedha pembeni, kiti kirefu cha watu wawili, mabomba mawili ya moshi yanayong'aa mpaka unajiona meno. Sauti yake nyembamba, ya haraka, kama cherehani ya mtu aliyechelewa na nguo za sikukuu. Mbele na nyuma ilikuwa na springi laini, haikumrusha mtu. Ya Sumaili ilikuwa nyeusi, nyembamba, gia yake inavutwa kwa mkono kando ya tangi, na springi zilikuwa mbele na chini ya kiti tu, kwa hiyo akirudi safari anatembea kama mzee. Sauti yake nzito, ya kuhesabika, kama wanawake wawili wanaopokezana mchi.

Kwenye tambarare, ile nyekundu ilimwacha mbali. Sumaili mwenyewe alisema, "Mama, ile ina mbio kuliko yangu. Na breki zake ni breki." Lakini kwenye kilima cha kutokea mji, njia ya Kabambare, Bwana Pamba hakujua kushusha gia mapema. Injini mpya inataka izunguke sana ndipo ivute. Ya zamani inavuta hata ikienda polepole. Siku moja Sumaili akampita pale mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani, na moshi wa mbarika ukambakia mzungu usoni.

Jioni ile mpishi wake Raphaël akaja kwangu na chupa ya divai tupu. "Bwana anataka mafuta ya Sumaili." Sumaili hakuwepo. Nikajaza chupa, nikamwambia nikimtazama machoni, "Mwambie asichanganye. Kwanza atoe yote ya ndani, aoshe na petroli." Akaitikia. Alhamisi Bwana Pamba akamwita Sumaili: "Twende Wamaza. Tutaona."

Ijumaa alfajiri Octave, dereva wa lori la chumvi, alipiga hodi. Alikuwa ametoka Wamaza usiku.

"Mama, Sumaili iko muzima. Wamemufunga ndani ya gala ya pamba. Moteri ya Bwana ilishika njiani, ilikataa kuzunguka. Anasema Sumaili aliitilia sumu. Polisi wanakuja magharibi kumuchukua."

Nilijua mambo ya polisi: fimbo, kisha jela, kisha pikipiki inakuwa mali ya serikali.

"Unarudi lini Wamaza?"

"Sasa hivi, na magunia mengine. Lakini Mama, huna karatasi ya njia, ya ruhusa ya kusafiri. Wakikuona ni mimi watafunga."

"Basi hukuniona," nikasema, nikapanda katikati ya magunia na chupa ya mbarika kifuani.

Huko Wamaza ilikuwa siku ya kupima pamba. Wakulima walisimama na vikapu vyao mbele ya ghala lililofungwa, wingu jeusi limesimama juu yao. Nyekundu ililala ubavu chini ya baraza. Nyeusi ya mwanangu ilikuwa imefungwa kamba kwenye nguzo kama mwizi. Nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya mizani.

"Wewe nani?" Bwana Pamba akauliza.

"Mama wa mutu uliyemufunga. Mafuta ni yangu, nilikamua mimi, nilitoa mimi. Nifunge mimi."

Akacheka. "Mwanamuke na moteri!"

Nikamwomba Raphaël glasi. Alimtazama bwana wake, akaileta. Nikatia mafuta ya injini kutoka kwenye kopo la kampuni, juu yake yangu, nikakoroga kwa kijiti cha ufagio mpaka povu, nikaiweka mezani. Tukangoja. Kila mtu aliona: mafuta yakaachana, yangu chini, ya kampuni juu, na mstari katikati.

"Haya hayaoani," nikasema. "Ukiyalazimisha moteri inakosa maji ya kunywa. Nilimwambia mupishi wako."

Watu wote wakamgeukia Raphaël. Yeye akamwelekea bwana wake.

"Nilikuambia, Bwana. Ulisema mwanamuke wa soko hawezi kukufundisha."

Mkulima mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Bwana Pamba akawa mwekundu kama tangi lake. Akaingia nyumba ya kampuni na ufunguo wa ghala, akajifungia.

Nikaketi kizingitini mwa ghala, mgongo kwenye mlango. Mlinzi akaja. "Mama, toka hapo."

"Nitatoka naye."

Sauti ya Sumaili ikapita kwenye ufa. "Mama? Waambie wasiipige teke ile nyekundu. Waiache ipoe, waifungue polepole. Itapona, haina kosa."

"Nyamaza," nikamwambia. "Kwanza upone wewe."

Tone la kwanza lilianguka kwenye mkono wangu, kisha jingine kwenye pamba. Mlinzi akanishika bega. Nikashika komeo kwa mikono miwili. Sikuachia. Wakulima walisogea na vikapu wakanizunguka, mlinzi akakosa nafasi ya kunivuta, na hakuna hata mmoja aliyefunika pamba yake, maana ikioza kampuni ingemdai Bwana Pamba.

"Bwana!" wakaanza kuita. "Pamba ya kampuni inalowa! Mulango, Bwana!"

Walikuwa wanapaza sauti kwa furaha kabisa. Mvua ikakaza. Dirisha la nyumba likafunguka, ufunguo ukarushwa matopeni.

"Aende zake! Na chuma chake kinachonuka! Nisimuone tena!"

Raphaël akauokota, akaupangusa kwenye suruali yake, akauzungusha mara mbili. Mlango ulikuwa umevimba kwa maji, haukukubali. Nikamwondoa pembeni, nikausukuma kwa bega langu mwenyewe, ukafunguka.