Vibonge Vinono vya Hylke

Hylke Wiersma alizaliwa kati ya ng'ombe, huko Friesland, Uholanzi, na ijapokuwa amefanya kazi nasi miaka mingi katika maabara ya Groningen, macho yake bado ni ya mfugaji. Kinachonenepa ni kizima. Kinachokonda kiitiwe daktari. Hata sisi wenzake hutupima hivyo hivyo saa ya kahawa, na mimi nimeshaambiwa mara kadhaa niongeze jibini kwenye mkate.

Kazi yake ni kulea vibonge vya ini: chembe hai zinazotolewa kwa mgonjwa na kupandwa ndani ya jeli, zikashikana, zikakua kuwa kitu cha duara kama punje ya ulezi. Katika kabati la joto alikuwa na vibonge vya msichana aitwaye Fenna. Ini la mtoto huyo lilikuwa likichoka, na madaktari hawakujua ni dawa ipi kati ya mbili itakayomfaa. Zingejaribiwa kwanza kwenye vibonge. Kipande walichomkata kilikuwa kidogo, naye hakuwa na nguvu ya kukatwa tena. Vibonge vikifa, dawa ingechaguliwa kwa kubahatisha.

Hylke akavilea kwa mapenzi yake yote, vikawa vinono kuliko vyovyote tulivyowahi kuona. Kila asubuhi alipima maji ya lishe yaliyovizunguka, joto, uchachu, oksijeni, akakuta kila kitu sawa. Kisha alituita mmoja mmoja kwenye hadubini, kama mtu aliyeleta fahali kwenye maonyesho.

"Leo wamekunywa, mzee?" Geeske humuuliza. Geeske naye ni binti wa wafugaji, jirani wa kwao, na ulimi wake haujawahi kwenda likizo.

"Wamekunywa, wameshiba."

"Utawakamua lini?"

"Wewe cheka tu. Vibonge vyako vimekonda mpaka vinatia aibu."

Jaribio lilipokaribia, Geeske akaja na sindano ya kioo yenye ncha nyembamba kuliko unywele, ya kupimia oksijeni ndani kwa ndani. Alitaka kibonge kimoja kitobolewe. Hylke akasimama mbele ya kabati.

"Maji yako sawa. Nimeyapima mwenyewe."

"Umepima maji, mzee. Wao hujawapima."

"Hivi ni vya mtoto, Geeske. Sitoboi kitu kinachonawiri."

"Haya, niambie. Ng'ombe wenu akila majani mapya baada ya baridi, akavimba tumbo, baba yako alikuwa anamfanyaje?"

Hylke akageuka, akalitazama kabati.

"Anamtoboa ubavuni," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unono ule si unono, ni gesi." Akanyoosha mkono. "Lete. Nitatoboa mimi."

Sindano ikaingia taratibu. Ukingoni oksijeni tele. Ndani kidogo, ikashuka. Katikati hakukuwa na kitu: kibonge kilikuwa kimekua mno hata hewa haikifikii kitovu, na kitovu kimeanza kuoza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Nilikuwa naviua huku navisifu," Hylke alisema. Nilimwonea huruma sana. Hata Geeske hakutania.

Akavivunja vyote kwa mkono wake, akivivuta na kuvisukuma kwenye mrija mwembamba hadi vikawa makombo. Akayatenga makombo yaliyokuwa hai, akayapanda upya, na kila yalipoanza kunenepa akayavunja tena, uso umemkunjamana. Dawa zikajaribiwa. Ya kwanza haikufanya lolote. Ya pili ikayaamsha makombo, yakaanza kufanya kazi ya ini.

Daktari wa Fenna akaja mwenyewe kuyaona. Hylke akamwekea hadubini, kisha akaanza kuomba radhi.

"Samahani, daktari. Ni vidogo. Vilikuwa vikubwa, ungevipenda."

"Fenna naye ni mdogo," daktari akasema, jicho lake likiwa bado kwenye hadubini. "Ana miaka tisa, anavaa nguo za mtoto wa miaka mitano. Kesho tunamwanzishia dawa."

Hylke akageukia dirishani, akawa anaitazama mvua. Geeske, ambaye hakosi neno, alikwenda kumchemshia kahawa.