Viganja Vyeusi Kwenye Ukuta wa Baraza

Ni mkono wa nani uliokuwa ukitambaa kwenye ukuta mweupe wa maabara yetu, kule Kilifi, asubuhi ile ya Jumatatu? Mimi, mwalimu mpya wa kemia niliyecheka habari za majini tangu chuo kikuu, nilisimama nikihesabu viganja kimoja kimoja. Kila jua liliposogea barazani, kiganja kingine cheusi kilijitokeza mahali palipokuwa peupe.

Jioni ya Jumapili nilikuwa nimefunga madirisha, nikaloweka vigae vya chungu katika maji yenye chumvi ya madini ya fedha, ili madini yaingie kwenye vitundu vya udongo, niwe na kichocheo cha somo langu. Kisha nikatoka nje gizani, mikono ingali na maji yale, nikipapasa ukuta wa baraza. Asubuhi vidole vyangu vilikuwa vyeusi. Nikalaumu utomvu wa korosho nilizobangua.

Kuhusu ukuta, nilimlaumu Mzee Karisa, mtunza maabara, ambaye nilimcheka kwa kuvaa hirizi.

"Ananitisha huyu," nilimwambia mwalimu mkuu pale barazani, mbele ya wenzangu. "Afukuzwe."

Karisa alinitazama kwa upole. "Mwanangu, hebu weka mkono wako pale ukutani, juu ya kiganja."

Niliuweka. Uliingia sawasawa, hata kidole changu kilichopinda. Hapo nikakumbuka kwa nini nilifunga madirisha: dawa ile ya fedha hugeuka nyeusi ikipigwa na jua.

"Kumbe jini lenyewe lina digrii!" mwalimu mmoja akaangua kicheko.

Miaka mingi baadaye binti yake Karisa aliniambia kwamba asubuhi ileile, kabla babake hajaitwa barazani, alikuwa amesugua kwa msasa kiganja kama hicho mlangoni kwangu, watoto wasije wakasema mwalimu ana majini.