Shamba la Saa Tisa

Sokoni Malindi wananiita Mara Mbili. Nauza nazi, na kila mzigo nauhesabu mara mbili: mara ya kwanza nazi zikishuka kwenye mkokoteni, mara ya pili zikiwa chini zote, aliyezileta akiangalia. Jina lilianza kama tusi. Mkulima mmoja alihisi nimemwita mwizi, akapaza sauti soko zima lisikie: "Huyu mama kila kitu mara mbili, mara mbili, kama dawa ya hospitali!" Adhuhuri haijafika, muuza ndizi wa meza ya pili akaniita, "Mara Mbili, njoo unywe chai." Basi, kwisha. Mimi ninayepatana bei na mtu mpaka akasahau alianzia wapi, jina hilo sikuweza kulipunguza hata herufi moja.

Hilo si neno. Jina langu linaniletea wateja. Wanajua nikisema nazi mia ni mia. Hasira yangu ni ya jina jingine, na nimekaa nayo kiasi kwamba nikiliona limeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kioski natamani kulikwangua kwa kisu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na saa ya mkono. Aliipata alipoacha kazi kwenye mashamba ya mkonge, ikatembea miaka kadhaa, halafu ikasimama. Ilisimama saa tisa kamili. Hakuivua. Aliambiwa aipeleke kwa fundi, akajibu, "Fundi anataka pesa aniambie kitu ambacho jua linaniambia bure." Akawa anaivaa vivyo hivyo, na kila asubuhi akienda kwenye kibanda cha mahamri pale njia panda, hakosi mtu wa kumwuliza:

"Mzee, saa ngapi sasa?"

Babu ataukunja mkono taratibu, ataitazama saa kama mtu anayesoma barua, kisha atasema, "Saa tisa."

"Na jana wakati huu?"

"Jana nayo ilikuwa saa tisa. Mambo hayajabadilika."

Watu walicheka mpaka chai ikapoa. Walicheka kwa miaka. Yeye akawa Saa Tisa, njia panda ikawa Kwa Saa Tisa, pikipiki zilipokuja stendi yao ikaitwa hivyo hivyo, na mwenye kioski akaliandika ukutani kwa herufi nyekundu bila kumwomba mtu ruhusa. Nami nilikuwamo. Nikitoka chumba changu cha kupanga Kisumu Ndogo, mtaa uliopewa jina la mji wa watu na kupunguzwa ukubwa papo hapo, nikienda kumwona mama shambani Kibarani, nilimwambia kondakta, "Nishushe Kwa Saa Tisa." Nimelisema mara ngapi? Hilo sikulihesabu hata mara moja.

Sasa sharti nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mtamwona mama yangu mjinga, na atakayemwona mjinga tutakosana. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hajakatazwa na askari. Mdomo wenyewe unakataa. Mama aliingia nyumba ile akiwa msichana, na tangu siku hiyo hakulitamka. Kaka yangu mkubwa amepewa jina la babu, kama ilivyo ada, basi mama tangu amzae anamwita Baba. "We Baba, umeoga?" "Baba, teremka kwenye mti huo nisije nikakuvunja miguu!" Tulikua tukidhani kila nyumba ina baba wa miaka minne anayechapwa kwa kumwaga uji.

Hapo ndipo utani ulipopata kazi. Saa Tisa halikuwa jina, kwa hiyo halikuwa mwiko. Mgeni akiuliza njia, mama alisema Saa Tisa. Heshima imekaa mahali pake, na mgeni amefika.

Wapimaji wa ardhi walikuja siku ambayo babu amekwenda matangani, mbali, safari ya siku tatu. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kaka yuko Mombasa kazini. Nyumbani alikuwapo mama, na majirani wawili wanawake, wake za binamu za baba, waliokuja kutazama ile kamba na vigingi. Karani alikuwa mtu wa bara, mwenye Kiswahili cha haraka haraka. Haya nayasimulia kama mama alivyonisimulia, na nilimwuliza mara mbili.

"Shamba hili la nani?"

"La mzee."

"Mzee nani?"

Mama akatazama miguu yake.

"Mama, jina. Nina mashamba mengine ya kupima."

"Ni baba yake marehemu mume wangu."

"Na huyo baba yake anaitwa nani?"

Wale majirani wakaanza kucheka, maana na wao mzee ni mkwe wao, nao midomo imefungwa. Mmoja akaona amepata njia. "Andika Saa Tisa! Mtaa wote unamjua!"

Karani akamgeukia mama. "Ndilo?"

"Ndivyo anavyoitwa," mama akasema. Hakusema uongo. Karani akaandika, na pale pa namba ya kitambulisho akapaacha wazi, eti mzee akirudi ataipeleka mwenyewe ofisini. Mzee aliporudi akacheka kuliko wote. "Kumbe saa yangu ina shamba, mimi sina!" Hakupeleka kitu. Mwaka uliofuata tukamzika, na saa akaenda nayo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua.

Orodha ya wenye mashamba ilipobandikwa kwa chifu, nilikwenda kuisoma mwenyewe. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Jina la babu halimo. Katikati ya majina ya watu waliozaliwa na mama zao, imeandikwa SAA TISA.

Nikamwambia aliyekuwa dirishani, "Huyu ni babu yangu."

"Mlete na kitambulisho chake."

"Amekufa."

"Basi lete cheti cha kifo cha Saa Tisa."

Nilimwuliza kama cha saa nane kingefaa. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Miaka yote hiyo watu wanacheka pasipochekesha, siku ya kucheka nimempata mtu ambaye hana meno ya kazi hiyo.

Shamba lililoandikwa jina la mtu asiyekuwapo halikai siri. Habari zake zilimfikia dalali mmoja wa Kilifi mjini kabla sijamaliza kupanga la kufanya. Mama akanipigia simu nikiwa mezani kwangu, nazi mkononi.

"Mwanangu, kuna bwana amekuja hapa. Kavaa viatu vizuri. Ananiuliza nitahamia wapi."

Nikapoteza hesabu. Nilipoteza hesabu ya nazi, mimi, nikamwambia mkulima achukue pesa aliyotaja aende zake. Shamba lile lina minazi thelathini na minne, nyumba ya mama ya vyumba viwili, na makaburi mawili: la baba na la babu. Siku za kupinga zikipita bila mtu kuthibitisha Saa Tisa ni nani, vyote hivyo ni vya atakayejitokeza. Nikaenda kuandikisha pingamizi, tukapewa siku ya kusikilizwa.

Siku hiyo ofisini kwa chifu alikuwapo afisa wa ardhi na daftari lake, mzee mmoja wa kamati ya kijiji, sisi, na dalali. Na dalali hakuja peke yake. Alikuja na mzee nisiyemjua, kanzu safi, saa ya kung'aa mkononi.

"Bwana afisa," dalali akasema, "Saa Tisa mwenyewe ndiye huyu. Ulizeni Kibarani nzima."

Watu wa kwetu walikuwa wamejaa dirishani. Nikasimama. Adabu kwanza.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, eti sasa hivi saa ngapi?"

Akaangalia mkono. "Saa nne na robo."

Dirisha likaangua kicheko. "Saa Tisa gani wa saa nne!" "Huyo yake inatembea, si yeye!" "Mzee, umepotea njia, nenda ukaisimamishe kwanza!" Yule mzee akashusha mkono wa kanzu akaifunika saa. Ningemwonea huruma, lau mama yangu asingekuwa amekaa kwenye benchi lile, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

Afisa akagonga meza. "Kicheko si ushahidi. Daftari linasema jina hili lilitolewa na mama huyu. Basi yeye mwenyewe aseme, kwa kinywa chake, Saa Tisa ni nani. Jina kamili."

"Nitalisema mimi," nikasema. "Ni babu yangu."

"Wewe ndiye uliyelitoa?"

"Kaka yangu analo kwenye kitambulisho chake, jina hilo hilo."

"Kaka yako alikuwapo siku ya kupima?"

Mzee wa kamati akajaribu. "Bwana afisa, huyu ni mkaza mwana wa marehemu. Kwetu, mkaza mwana..."

"Mzee wangu, mimi nina daftari. Sina kwetu."

Nilichemka. Nilimchukia yeye, nikamchukia karani wa haraka haraka, nikawachukia wale majirani na njia yao ya mkato. Nilimchukia hata babu, Mungu anisamehe, na mahamri yake na mkono wake wa kukunja taratibu. Mtaa mzima ulikuwa umekula utani ule kwa miaka, na bili ilikuwa imeletwa kwa mtu mmoja ambaye hakuwa hata mezani.

Mama akasimama. Akajitanda kanga vizuri kichwani. Hakumtazama afisa; aligeukia ukuta, upande usio na mtu, akalisema. Jina la babu na la baba yake babu, yote mawili. Sauti ilikuwa ndogo lakini dirisha zima lilikuwa limenyamaza, na wanawake waliokuwa mbele walikuwa wameshainamisha vichwa. Sikuwahi kulisikia jina lile kinywani mwake. Sitaliandika hapa. Limeshatamkwa na mtu asiyepaswa kulitamka, yatosha.

Afisa alikuwa bado anafungua kalamu. "Rudia, mama. Sikupata vizuri."

Sikumbuki nilivyofika mezani pake. "Amekwisha kusema."

"Nataka kuhakikisha tu."

"Bwana afisa, sokoni kwangu naitwa Mara Mbili. Hapa ndani hakuna anayejua kuhakikisha kunishinda. Na mimi nakwambia, hii ni mara moja. Kama hukusikia, mwulize mzee wa kamati. Mwulize dalali. Wenye masikio wamo humu tele."

Afisa akafungua mdomo. Kabla hajasema, sauti ikatoka upande wa pili.

"Amesema hivi, bwana." Alikuwa yule mzee wa saa ya kung'aa. Akalitaja jina la babu yangu na la baba yake, polepole, lote, kama mtu anayerudisha kitu alichookota njiani. Kisha akasema, macho chini, "Mimi pia nina wakaza wana. Mama huyo msimrudishe tena."

Dalali alimtazama kama mkokoteni uliovunjika gurudumu katikati ya mlima. "Mzee, si tuliku..." Akajinyamazia mwenyewe. Afisa akaandika.

Nilitaka lile la utani lifutwe kabisa. Nilisimama juu ya kichwa chake nikitaka lipigwe mstari. Akakataa. Akasema akilifuta, atakayetafuta shamba hilo hatalijua ni lipi. Nikapanda, nikashuka, nikamsihi, nikamkaripia, likabaki. Jina la babu kwanza, na pembeni, kwa kalamu ile ile: "ajulikanaye pia kama Saa Tisa." Niliyasoma maneno hayo mara mbili kabla ya kuondoka, na mara zote mbili yalikuwa yale yale.

Nje mama aliomba maji kwa muuza duka. Akasukutua, akatema, akasukutua tena. Wanawake wa dirishani walimpisha njia, hata yule aliyekuwa na kelele kuliko wote.

Nikasimamisha pikipiki.

"Wapi, mama zangu?" mwendeshaji akauliza.

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani wapi?"

"Kule njia panda. Kwenye kibanda cha mahamri."

"Vibanda vya mahamri viko vingi, mama. Njia panda ipi?"

Niliapa moyoni kwamba tutakwenda kwa miguu, jua lile lile, kuliko neno lile litoke kinywani mwangu. Mwendeshaji akamtazama mama, mama akanitazama mimi. Kisha akashika bega la yule kijana akapanda.

"Kwa Saa Tisa, mwanangu," akasema. Alilisema kwa wepesi, kama mtu aliyerudi kivulini. "Twende, jua kali."

Nikapanda nyuma yake. Nauli iliyotajwa ilikuwa ya wizi. Sikupatana.