Mita Sitini Chini

Binti yangu alikuwa amechora dunia, duara la rangi nne, kwenye meza ya jikoni kwetu Fort Worth. Kazi ya shule. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba ukishuka joto linapanda na uzito wa mawe unazidi kukandamiza, hadi katikati kabisa, moto mtupu. Mimi nilikuwa na simu sikioni, nikimsubiri mama yangu apokee kule Kivu, Kongo.

"Na mita sitini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mita sitini si kitu, Mama. Ni nyembamba kuliko huu mstari wa penseli."

Nilitaka kumzaba kofi, Mungu anisamehe. Mdogo wangu alikuwa humo ndani ya mstari wa penseli tangu jana yake, shimo la dhahabu limewaporomokea yeye na wenzake.

Kule wanachimba kwa nyundo na patasi. Wakifika mahali hewa inakuwa nzito, kichwa kinagonga na jasho halikauki, wanaacha, wanafungua shimo jingine. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Mwaka jana akanipigia. "Yaya," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, "dhahabu inaendelea chini, ila pumzi zinakata." Nikamtumia mashine ya kupuliza hewa, na mpira wake mrefu. Nilijiona dada wa maana! Hata kazini ghalani niliwaringia wenzangu. Basi wakashuka, wakapita pale mwili ulipokuwa ukiwakataza. Mimi ndiye niliyewapitisha.

Mama akapokea. Hakulia. Alisema wanaume wanaofukua wamechoka, udongo bado unatembea, wanataka kuacha. "Wewe uko Amerika. Mpigie mkubwa wa shimo, mwamuru waendelee."

Amerika gani, jamani? Mimi ninayepanga maboksi na kuomba ruhusa ya kwenda chooni? Lakini nilipiga. Nilipiga mara tano ndipo yule mkubwa akapokea. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Pole sana, dada," akasema. "Tumeshafanya maombi. Watu wamerudi nyumbani."

Nilimsihi, nikamtukana, nikamsihi tena. Simu ikakatika.

Nikampigia mama. Aliuliza neno moja tu: "Wanachimba?"

"Wanachimba, Mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Basi ngoja nibandike ugali, atatoka na njaa huyo."