Nilipika Maharagi na Viti vya Bwana Yangu

Sitatafuta mutu wa kubebesha kosa langu. Shetani hakuingia jikoni, jirani hakunituma, na njaa haikuwa inaniua. Ni mimi njo nilifanya, na mikono yangu hii, na akili yangu yote ilikuwa kichwani. Jina langu nitaficha. Hapa Kalembe wananicheka ya kutosha, sitaki na watu wa mbali waanze.

Bwana yangu, mwenye alinioa, ni fundi wa viti. Si vile viti vya misumari vyenye unanunua leo na kesho vimepasua suruali ya mugeni. Yeye anafanya na shoka, kisu, patasi na chuma ya kutobolea, basi. Muti anaupasua na shoka ili ufuate njia yake wenyewe. Anasema musumeno unakata mishipa ya muti, na pale penye mishipa imekatwa njo kiti kitavunjikia.

Siri yake ninaijua, na nitakupa bure. Miguu ya kiti anaichonga ikingali mibichi. Lakini zile fito fupi zenye zinashikanisha mguu na mguu, hizo anazikausha juu ya moto wa jikoni mpaka zinakuwa nyepesi kama mifupa ya kuku. Kisha anapigilia fito kavu ndani ya tundu la mguu mubichi. Mguu ukikauka unajikaza, unauma fito na hauiachilie tena. Ukigeuza, ukiweka fito mbichi, ni fito njo itapunguka ndani ya tundu, na kiti kitakuwa kama mudomo wa muzee, meno yote yanacheza.

Sasa mimi, mwenye kujua hayo yote, nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namucheka. Juu ya moto wangu kulikuwa kichanja kimejaa fito mwaka muzima. Wanawake wengine wanakausha samaki, mimi nakausha vijiti. Nilikuwa namuuliza mbele ya watu kama tutavila na sombe, yale majani ya muhogo, ao na maharagi. Watu wanacheka, yeye anacheka kidogo, anageuza fito zake.

Papa mumoja wa hapa alikuwa anaozesha binti. Wakwe walikuwa watoke Kirotshe kuleta mali ya ndoa, na yeye akataka wakalie viti vipya, si mabenchi ya kuazima kanisani. Bwana yangu akakubali kazi. Fito zilikuwa karibu kukauka. Lakini mama yake akagonjwa, akalazwa hospitali, na bwana yangu akaenda kumuchunga. Akaniomba kitu kimoja tu, niwashe moto kila siku chini ya kichanja.

Moto niliuwasha. Ooh, niliuwasha vizuri.

Wamama wa kikundi cha maombi walikuwa waje kwangu. Nilikuwa nimejisifu kwamba nitawapikia maharagi na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na kwamba kwangu mugeni hangojee chakula. Mvua ikanyesha wiki yote. Kuni zikalowana, moshi unatoka, moto hakuna. Maharagi yako ndani ya nyungu magumu kama mawe ya barabara. Nikainua macho kwenye kichanja, nikaona fito.

Nilichukua moja, ya kuwashia tu. Iliwaka kama karatasi. Nikachukua ingine. Vile nilikuja kushituka, kichanja kilikuwa kitupu na maharagi yalikuwa yameiva. Mama kiongozi alisema hajawahi kula maharagi laini vile. Nikamujibu ni neema ya Mungu.

Wageni waliporudi kwao, sikulia, sikutubu. Nilienda nyuma ya nyumba, kwenye bwana yangu alikuwa ameacha fito zingine, amezichonga kabla ya safari, zingali zinanuka maji. Nikazipandisha kwenye kichanja. Lakini zilikuwa nyeupe, na zile za kwanza moshi ulikuwa umezigeuza rangi ya kahawa. Nikakwangua masizi chini ya nyungu, nikazipaka moja moja. Hata siku ya harusi yangu sikujipamba na uangalifu ule.

Bwana yangu akarudi amechoka, mama yake hajapona, na mwenye kuagiza viti anapita mulangoni kila asubuhi. Kwa kawaida anachukua fito mbili na anazigonganisha karibu na sikio. Ikiwa kavu, inalia kama chupa. Ikiwa mbichi, inasema "bu" kama kiazi kimeanguka. Kisha anaiweka kwenye mudomo, kwani muti wenye maji uko baridi. Siku ile hakugonga, hakuweka kwenye mudomo. Aliona masizi, akazania ni moshi, akaniangalia mimi.

"Mama, hizi zimekauka?"

"Zimekauka, papa. Ziko kavu kuliko zote zenye umekausha."

Ile sehemu ya pili hakuna mutu aliniomba. Niliongeza mwenyewe, kama chumvi.

Viti vilitoka vizuri sana. Mahali pa kukalia alisuka na kekele, ile kamba ngumu ya pori ya Walikale. Ukivikalia siku ile, havitikisike. Vikapelekwa, vikapangwa ndani ya salo, chumba cha wageni, na jua la kiangazi likaanza kuvipiga kupitia dirisha. Kidogo kidogo fito zikapunguka ndani ya matundu yao, na hakuna mutu aliona, kwani viti vilikuwa vinangoja wakwe.

Siku ya wakwe nilikuwa nabeba vinywaji. Musemaji wao alikuwa mwanaume munene, na koti, na sauti ya kusemea mbali. Akakaa. Akaanza kusifu nyumba ile kwa kujua kupokea watu. Kiti kikafunguka chini yake polepole, kila mguu ukachukua njia yake kama ngombe zimekosa muchungaji. Akamushika mwenzake wa karibu, na kile kiti kingine kikafuata. Wawili wamekaa chini, wengine wamesimama wanashika makalio, na mujomba mumoja wa binti, mutu wa Walikale mwenye angali anafuata desturi za wazee, akatangaza kwamba nyumba imekataa wageni na bila kuku kuchinjwa maneno hayawezi kuendelea.

Wewe unacheka. Na mimi nilitaka kucheka. Lakini wakwe waliona ni matusi, wakabeba mali yao, wakarudi Kirotshe. Ndoa ilikuja kufungwa baadaye sana, baada ya kuombana musamaha kwingi. Siku ile binti alibaki ndani ya chumba na nywele zake zimesukwa, analia.

Bwana yangu akapiga magoti ndani ya vile vipande mbele ya watu wote. Akatoa fito moja kwenye tundu na vidole viwili. Akasema muti ulikuwa mubaya. Na muti ule alikuwa ameletewa na Papa Sifa, rafiki yake tangu wakiwa vijana, mwenye alikuwa anamukatia miti na kekele upande wa Walikale. Papa Sifa alikuwa pale pale, amealikwa. Bwana yangu akamuambia amemuuzia takataka. Papa Sifa akamuuliza kama anasema kweli. Bwana yangu akasema anasema kweli. Papa Sifa akavaa kofia yake, akatoka.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya chupa za vinywaji. Mudomo nilikuwa nao. Ule ulioongeza chumvi, ule wa neema ya Mungu. Siku ile ulikataa kazi.

Papa Sifa akahama, akaenda kufanya biashara Hombo. Hapa hakuna mutu aliagiza kiti tena. Bwana yangu akabakia na kuchonga mipini ya jembe tu. Kanisani, akipita, vijana wanatikisa benchi kwanza ndipo wanakaa. Na wale wamama wangu wa maombi wakaanza kumuombea fundi mwenye ameishiwa, na mimi nilikuwa nafunga macho nao, nasema amina. Kama unatafuta unafiki, usiende mbali.

Nilivumilia hayo yote. Chenye kilinishinda kilikuwa kidogo. Asubuhi moja nilimukuta ameketi jikoni na fito mbili, anagonganisha, anasikiliza, anagonganisha tena. Akaniita. Akasema nisikilize vizuri, kisha akagonga karibu na sikio langu.

"Inalia ao hailie? Mimi sijue tena. Nafikiri masikio yangu njo yameharibika."

Zilikuwa zinalia kama chupa. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Nikaketi chini, nikamuambia yote, mpaka masizi.

Akaweka fito chini. Kisha akauliza nilipika nini. Nikasema maharagi. Akauliza kama yaliiva. Nikasema yaliiva. Akatikisa kichwa, akasema tutaenda Hombo, na kule ni mimi njo nitasema.

Tulimukuta Papa Sifa ndani ya duka yake. Unajua anauza nini? Viti vya plastiki. Vimepangwa moja juu ya ingine mpaka kwenye mabati. Akatupatia viwili tukae, nikasema kosa langu mbele ya bibi yake na wateja wake, na bibi yake hakunisaidia hata na neno moja. Nilipomaliza, Papa Sifa hakuniangalia. Alimuangalia bwana yangu.

"Bibi yako alikudanganya siku moja," akasema. "Mimi umenijua tangu ujana, na hukuniuliza kitu."

Bwana yangu akaomba musamaha. Papa Sifa akasema amemusamehe, lakini Kalembe hatarudi, kwani kule Hombo watu wanakaa kwenye viti vyake na hawaanguke.

Basi, dada yangu mwenye unasoma hii, kama bwana yako anakausha vijiti juu ya moto wako, waache wageni wale maharagi magumu. Na kama umekwisha kuvichoma, sema majivu yangali moto. Usipake masizi. Fito mbichi utaiweka rangi, lakini itapunguka tu, na siku ya kupunguka haikuulize.

Bwana yangu ameanza kupata kazi tena, kidogo kidogo. Fito zake sasa anazikausha kwa jirani. Na tulipotoka Hombo, Papa Sifa alitupatia kiti kimoja cha plastiki, chekundu. Bwana yangu alikibeba kwenye kichwa mpaka nyumbani, akakiweka jikoni, akasema hicho ni changu. Ukipita kwetu utanitambua bila kuuliza jina: nyumba ya fundi wa viti, na mama wa nyumba anakalia plastiki.