Nilimwambia mzimamoto hamna mtu ndani

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Sikusukumwa na mtu, wala sitasema nilipitiwa na shetani. Nililitenda nikiwa na akili zangu, mchana kweupe, watu wananitazama.

Nilikuwa nalea watoto wa watu nyumbani kwangu, hapa Woolwich, huku ughaibuni. Nilikuwa na leseni, na leseni ndiyo inayokupangia watoto wangapi na wa umri gani. Nafasi zangu zote zilikuwa zimejaa, watoto watatu wadogo. Ndipo akaja Rukia. Hilo si jina lake. Ni Mpemba mwenzangu, yeye ndiye aliyenishika mkono nilipofika nchi hii sijui hata kupanda basi. Anahudumia wazee majumbani kwao, mume hayupo, na binti yake Nasra ndiyo kwanza alikuwa anatambaa.

"Dada, nisitiri," aliniambia. "Nikiikosa kazi hii sina pengine pa kushika."

Nikamkubalia. Nikawa namlaza Nasra chumbani kwangu, kule nyuma, ili mtu akibisha hodi asimwone.

Jengo letu kengele yake ya moto ilikuwa haishi kulia. Mtu akiunguza mkate, inalia. Tulishaizoea. Siku ile ililia baada ya chakula cha mchana. Nasra alikuwa amesumbuka na meno asubuhi nzima, ndiyo kwanza amepata usingizi. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Nikajiambia, nikimwamsha huyu leo hatutapumzika. Na kuna jingine nililojiambia, ambalo mpaka leo linanitia aibu: huko chini majirani wote watamwona.

Nikashuka na wale watatu. Nikamwacha.

Tulipofika nje, moshi ulikuwa umeanza kutoka dirisha la nyumba iliyo chini ya yangu. Mwanzo ulikuwa mwembamba tu, kama wa chungu kilichosahaulika jikoni. Gari la zimamoto likaingia, akateremka mwanamke mmoja akatufuata mmoja mmoja. Akaniuliza nakaa nyumba ipi, nikamwonyesha.

"Kuna mtu amebaki ndani?"

Nikamjibu, "Hamna. Tumetoka sote."

Nataka uelewe kilichokuwa kichwani mwangu. Nilikuwa nafikiria leseni. Nilikuwa nafikiria nitapita mlango wa nyuma, nimchukue mwenyewe, nimfunike kanga, nirudi kimya kimya. Nikamwachia jirani wale watatu, nikazunguka mbio.

Nilipoufungua ule mlango, ngazi sikuziona. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, umejaa mpaka chini. Nikapanda kidogo nikipapasa ukuta. Kifua kikabana, macho yakaniwaka, nikarudi nyuma natambaa. Ndipo nikajua kwamba sitamfikia.

Nikarudi mbele napiga mayowe. Yule mwanamke akanishika mabega.

"Si umesema hamna mtu?"

"Kuna mtoto. Chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma."

Aliwapigia kelele wenzake, wakaingia wakiwa wamevaa barakoa zao za hewa. Nikabaki nimesimama pale barabarani. Mmoja wa wale watoto wangu akanivuta sketi, akaniuliza kwa Kiingereza, kama wanavyoniuliza kila kitu, Nasra yuko wapi.

Walimtoa amelegea, kichwa kimeanguka begani mwa mzimamoto, masizi puani. Wakamwekea oksijeni, barakoa yake ikamfunika uso mzima. Nilikuwa nakitazama kifua chake tu. Mwishowe akakohoa, halafu akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Rukia alitukuta hospitali bado yuko na sare ya kazi. Nikamwambia, "Nilitaka kurudi kumchukua, moshi ukanizuia, nikawaita wazimamoto." Akanikumbatia, akalia, akasema mimi ndiye niliyemwokoa mwanawe. Nami nikamwacha aseme hivyo. Nikapokea shukrani zake, nikampapasa mgongo. Hilo ndilo kosa langu la pili, na wakati mwingine naliona zito kuliko la kwanza.

Ukweli aliupata kwa maofisa waliokuja kuchunguza. Akaja kwangu, hakupaza sauti, hata kukaa alikataa.

"Nataka nisikie kwako wewe. Alipokuuliza kama kuna mtu, ulimjibu nini?"

Nikamwambia. Akaokota chupa ya mtoto na blanketi lake, akatoka.

Leseni nilinyang'anywa, na nilistahili. Siku hizi nasafisha ofisi. Nasikia kwa watu kwamba Nasra anakimbia na anaongea sana, ila baridi ikizidi kifua kinambana na lazima avute dawa. Nikikutana na Rukia sokoni, anavuka barabara.

Wewe unayemlea mtoto wa mwenzio kwa siri kwa sababu unamwonea huruma, mkatalie leo akasirike. Tafuteni pamoja njia nyingine. Na ikiwa umeshamkubalia, basi kengele ikilia mbebe mtoto huyo kwanza, hata kama unaamini ni mkate umeungua. Na akitokea mtu kukuuliza nani yumo ndani, usijifikirie. Sema yumo, sema chumba gani, sema mara ya kwanza unapoulizwa. Mimi nilisema mara ya pili, na kifua cha mtoto wa watu ndicho kilicholipia.